Ubongo Mdogo na Kifafa: Historia Inayoanzia Njia ya Misafara ya Tabora

Ubongo mdogo, ambao matabibu huuita serebela, umekaa usawa wa kisogo, nyuma ya shina la ubongo. Kwa ukubwa ni takriban sehemu ya kumi ya ubongo wote, lakini hesabu iliyofanywa na watafiti wa Brazili na kuchapishwa mwaka 2009 ilionyesha kuwa kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86 za binadamu, bilioni 69 hivi zimo humo. Kwa muda mrefu ulijulikana kwa kazi moja tu: kuratibu mwendo na kumfanya mtu asipepesuke. Kifafa kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa ubongo mkubwa, na ubongo mdogo ukaachwa nje ya habari hiyo. Ulivyoingizwa katika habari ya kifafa ni historia ya karne mbili iliyopita katika maabara za Ulaya na Marekani, na pia katika vijiji vya Afrika Mashariki.

Mwanzo wake wa kisayansi ni Paris, mwaka 1824, pale Pierre Flourens alipochapisha majaribio aliyoyafanya kwa njiwa na wanyama wengine. Ndege aliyeondolewa ubongo mdogo hakupooza. Aliona, alisikia na alitaka kuruka, ila miguu na mabawa havikuelewana tena. Mwaka 1837 Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, alieleza seli kubwa zilizojipanga safu moja katika gamba la ubongo mdogo, zenye matawi mengi kupita kiasi. Seli hizo zinaitwa kwa jina lake, seli za Purkinje, hadi leo, na ndizo zilizokuja kuwa kiini cha mjadala wa ubongo mdogo na kifafa.

Kazeh, 1857 na 1858

Tarehe 11 Mei 1857, katika mkutano wa madaktari jijini London, Charles Locock alieleza kwamba bromidi ya potasiamu ilikuwa imezuia mishtuko ya kifafa kwa baadhi ya wanawake aliowatibu. Ilikuwa dawa ya kwanza ya kifafa iliyofanya kazi kweli. Mwezi uliofuata, wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mkabala na Zanzibar wakifuata njia ya misafara, na tarehe 7 Novemba waliingia Kazeh, kituo cha wafanyabiashara Waarabu katika nchi ya Unyamwezi. Kazeh ilikuwa mahali ulipo sasa mji wa Tabora. Kutoka hapo njia moja ilikwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda, na ile kuu ikarudi mashariki kupitia Ugogo hadi Bagamoyo.

Misafara ilibeba pembe za ndovu, shaba, vitambaa na watumwa. Ilibeba pia homa. Wapagazi, watumwa na wageni walipita mabonde ya mbu na mapori ya mbung'o, wakala walichokipata na kunywa maji ya madimbwi. Burton alipoteza nguvu za miguu kwa miezi mingi akawa wa kubebwa. Speke aliugua macho. Lakini tukio lililoelezwa kwa kirefu zaidi ni la Oktoba 1858, walipokuwa wakirudi pwani. Kijijini Hanga, mashariki ya Kazeh, Speke alishikwa na maumivu aliyoyafananisha na kuunguzwa kwa chuma cha moto kifuani. Maumivu yalihama kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine. Usiku akaona majitu na mashetani yenye vichwa vya simba, viungo vikakakamaa, mdomo na ulimi vikachezacheza, na sauti iliyomtoka ikafanana na kubweka. Burton alizilinganisha dalili hizo na zile za kichaa cha mbwa. Ulipotulia mshtuko, Speke aliomba kalamu na karatasi akaandika barua ya kuwaaga jamaa zake. Watu wa njia hiyo waliujua ugonjwa huo na walikuwa na jina lake, kichomachoma, na Waarabu walikuwa na dawa zao za kuutibu. Speke alipona, na hakuna habari kwamba mishtuko ya namna hiyo ilimrudia tena.

Kwa kipimo cha utabibu wa leo, tukio la Hanga halitoshi kuitwa kifafa. Kifafa ni tabia ya ubongo kurudiarudia mishtuko bila kichocheo cha wakati huo. Mshtuko unaoletwa na homa kali, sumu au maambukizi ni jambo jingine, ingawa ubongo ulioumizwa na ugonjwa kama malaria unaweza baadaye kuanza kushtuka wenyewe. Tofauti hiyo haikuwa wazi kwa Burton, wala kwa madaktari wengi wa zama zake.

Watu wa Unyamwezi walikuwa na njia yao ya kuyapanga mambo haya. Mgonjwa alipelekwa kwa mfumu, yaani mganga, naye alipiga ramli kutafuta kama chanzo ni mizimu ya ukoo, uchawi au mwiko uliovunjwa. Upande wa pili wa njia, Bagamoyo, mshtuko wa mtoto mwenye homa uliitwa degedege na ukahusishwa na ndege au shetani apitaye usiku. Utafiti uliofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 ulikuta wazazi wakitofautisha degedege na homa ya kawaida, na wakitumia kwanza mafusho ya mavi ya tembo na dawa za mganga kabla ya kwenda hospitali. Kwa kuwa nyingi za degedege hizo zilikuwa dalili ya malaria kali, saa zilizopotea zilikuwa na gharama yake: mtoto alikufa, au alipona akiwa na ubongo wenye kovu.

Kiti cha mshtuko

Wakati mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipokaa Tabora na Kwihara mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta mpelelezi David Livingstone, daktari John Hughlings Jackson wa London alichapisha habari ya mvulana aliyekuwa na uvimbe katikati ya ubongo mdogo. Mtoto huyo alikuwa na vipindi ambavyo kichwa kilivutwa nyuma, mgongo ukapinda na miguu ikanyooka kama ya mtu mwenye pepopunda. Jackson aliuhusisha mshtuko huo na ubongo mdogo, na jambo hilo likazua ubishi wa miaka mingi. Waliompinga walisema uvimbe ulikuwa ukikandamiza tu shina la ubongo lililo mbele yake.

Jackson huyohuyo, mwaka 1873, aliandika kwamba kifafa ni mlipuko wa ghafla na wa kupita kiasi wa seli za ubongo. Maelezo hayo ndiyo msingi wa utabibu wa kifafa hadi sasa. Lakini yaliwafanya wengi watafute mahali pamoja pa kulaumu: sehemu ya gamba la ubongo mkubwa inapoanzia cheche. Upasuaji wa kifafa uliojengwa baadaye ulifuata njia hiyo, na kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri ulifaulu. Ubongo mdogo ulibaki pembeni. Ni mwaka 1996 tu ambapo madaktari walionyesha, kwa kutumia waya za kupima umeme kwenye uvimbe wa ubongo mdogo, kwamba kwa watoto wachache wenye uvimbe wa namna hiyo mshtuko unaweza kweli kuanzia katika ubongo mdogo.

Tanganyika ya wakati wa Wajerumani haikuwa na kliniki ya kifafa. Mwaka 1896 kituo cha Lutindi kilianzishwa katika milima ya Usambara kuwapokea watoto waliookolewa utumwani, katika biashara ya aina ileile iliyopita Tabora. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikageuka kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Watumishi wake walitoka Bethel, karibu na Bielefeld nchini Ujerumani, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa. Waingereza nao walifungua hospitali ya Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, kando ya reli ya kati iliyofuata kwa sehemu kubwa mkondo wa njia ya misafara na kufika Tabora mwaka 1912. Kwa miongo kadhaa mwenye kifafa aliyefikishwa kwenye tiba ya kizungu aliwekwa kundi moja na wenye wazimu, na wengi hawakufikishwa kabisa.

Mwaka huohuo reli ilipofika Tabora, Alfred Hauptmann wa Ujerumani aligundua kwamba fenobabitali, iliyotumika kama dawa ya usingizi, inazuia kifafa. Mwaka 1938 Houston Merritt na Tracy Putnam wa Marekani walitangaza fenitoini. Dawa hizo mbili, kwa bei yake nafuu, ndizo zilizofika vijijini Afrika.

Mahenge

Mwaka 1959 daktari Mnorwe Louise Aall, baadaye Jilek-Aall, alifika Tanganyika, na akaenda kufanya kazi katika milima ya Mahenge miongoni mwa Wapogoro. Alikuta kifafa kingi kuliko alivyotarajia. Wagonjwa wengi walikuwa na makovu ya moto, kwa sababu walianguka kwenye mafiga na hakuna mtu aliyewashika. Iliaminika kwamba mate, mkojo na upepo wa mwenye kifafa huambukiza, hivyo mtu alipoanguka, watu walikimbia. Mgonjwa alikula na chombo chake peke yake, akalala kibanda chake, na mara nyingi alikufa maji au moto kabla ya ugonjwa wenyewe kumwua.

Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 na kuwapa wagonjwa fenobabitali kwa utaratibu. Walioitumia dawa bila kukosa walirudi shambani, wakaoa na kuolewa, nao wakawa ushahidi ulioshinda hotuba yoyote. Katika taarifa aliyoichapisha mwaka 1965 alitaja pia watoto ambao, kabla ya kuanguka kifafa kamili, walikuwa wakitingisha kichwa kwa vipindi, kidevu kikishuka kifuani mara kwa mara kama cha mtu anayesinzia.

Kazi hiyo iliendelezwa na Watanzania. Utafiti wa wilaya ya Ulanga, ambamo Mahenge imo, uliochapishwa mwaka 1992, ulihoji watu 18,183 katika vijiji 11 na kukuta kifafa kwa watu 10.2 kati ya kila 1,000. Idadi ilitofautiana mno kijiji kwa kijiji, kutoka 5.1 hadi 37.1. Mwaka 2008 Andrea Winkler na wenzake walieleza kitabibu watoto wa Mahenge wanaotingisha kichwa. Miaka hiyohiyo ugonjwa uleule ulikuwa ukiwaandama watoto wa Kitgum na Pader, kaskazini mwa Uganda, na wa Sudan Kusini. Vipimo vya umeme wa ubongo vilithibitisha kwamba kule kutingisha kichwa ni mshtuko wa kifafa: misuli ya shingo hulegea kwa kitambo kidogo, kisha hurudi.

Maeneo yote hayo yalikuwa na jambo moja: mito ya kasi na usubi, yule inzi mdogo mweusi anayeeneza minyoo ya onchocerca. Mahenge ilianza kugawiwa ivermectin, dawa ya kupambana na minyoo hiyo, mwaka 1997, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kifafa bado ni kingi zaidi katika vijiji vya ndani kuliko karibu na mji: asilimia 3.5 dhidi ya asilimia 1.5. Watafiti walipendekeza dawa igawiwe mara mbili kwa mwaka.

Ubongo mdogo uliingia hapa. Watoto wa Kitgum walipopigwa picha za MRI, baadhi yao walionekana na ubongo uliosinyaa, na ubongo mdogo ulikuwa miongoni mwa sehemu zilizosinyaa. Baadaye, uchunguzi wa ubongo wa waliofariki kaskazini mwa Uganda ulionyesha upotevu wa seli za Purkinje na makovu mahali pao. Kifafa kilichojulikana kwa dalili za shingo na kichwa, katika nchi isiyo na mashine nyingi, kiliacha alama katika kiungo ambacho vitabu vya kifafa vilikitaja kwa nadra.

Breki iliyojaribiwa

Seli za Purkinje zina kazi ya kuzuia. Habari hutoka kwenye gamba la ubongo mkubwa, hupita katika poni ya shina la ubongo na kuingia gamba la ubongo mdogo. Humo seli za Purkinje hupunguza nguvu ya viini vilivyo ndani, na viini hivyo ndivyo vinavyotuma habari kwenye thalamasi, kituo cha kupitishia habari katikati ya ubongo, ili irudi kwenye ubongo mkubwa. Mzunguko huo haukatiki. Katika miaka ya 1940 na 1950 Giuseppe Moruzzi wa Italia na watafiti wengine walionyesha kwa wanyama kwamba kuuchochea ubongo mdogo kwa umeme kunaweza kubadilisha, na wakati mwingine kusimamisha, shughuli ya gamba la ubongo. Wazo likawa jepesi: kama ubongo mdogo ni breki ya mwili, huenda ni breki ya kifafa pia.

Mwaka 1973 daktari wa upasuaji Irving Cooper wa New York alitangaza kwamba alikuwa amepandikiza vichocheo vya umeme juu ya ubongo mdogo wa watu wenye kifafa sugu, na kwamba wengi walipata nafuu. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini majaribio madogo yaliyofuata, ambamo mgonjwa na mpimaji hawakujua kama kichocheo kimewashwa au kimezimwa, hayakuonyesha nafuu katika mwaka 1978 wala mwaka 1984. Jaribio jingine dogo la Meksiko, mwaka 2005, lilionyesha mishtuko kupungua. Njia hiyo haikuwa tiba ya kawaida.

Upande wa pili ulikuwa wa dawa. Tangu miaka ya 1950 madaktari waliona kwamba baadhi ya wanaotumia fenitoini kwa muda mrefu au kwa kiasi kikubwa huyumba, hutetemeka na kukokota maneno, na kwamba seli zao za Purkinje zimepungua. Ubishi uliozuka haujaisha kirahisi, kwa sababu mishtuko mirefu nayo huua seli hizohizo kwa kukosa oksijeni na kuzidiwa na kazi. Dawa na ugonjwa vilikuwa vikiumiza mahali pamoja.

Maabara zilirudi kwenye wazo la Cooper kwa zana bora. Mwaka 2014 Esther Krook-Magnuson na wenzake nchini Marekani waliwatumia panya waliotengenezwa kijenetiki ili seli za ubongo wao mdogo ziitikie mwanga. Mwanga ulipowaka mwanzoni mwa mshtuko uliokuwa ukitokea katika hipokampasi, mbali kabisa na ubongo mdogo, mshtuko ulikatika. Mwaka uliofuata watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walionyesha kwamba kuchochea viini vya ndani vya ubongo mdogo wa panya husimamisha kile kifafa cha kuzubaa kinachopita kwenye thalamasi. Huenda majaribio ya zamani yalishindwa kwa sehemu kwa sababu yaligusa juu juu, bila kujua ni seli zipi zinazoguswa na kwa wakati gani.

Kutoka kiti hadi mtandao

Wakati huohuo picha za ubongo unaofanya kazi zilibadilisha ramani yenyewe. Mwaka 2011 Randy Buckner na wenzake wa Harvard, kwa picha za watu 1,000, walionyesha kwamba sehemu kubwa ya ubongo mdogo haishughulikii mwendo hata kidogo. Imeunganishwa na maeneo ya ubongo mkubwa yanayohusika na fikra, umakini na kumbukumbu. Kifafa kikaanza kutazamwa kama hitilafu ya mtandao: cheche huanzia mahali fulani, lakini kinachoamua kama itasambaa, itazimika au itarudi kesho ni namna maeneo ya mbali yanavyoongea. Thalamasi na ubongo mdogo ni njia panda za mtandao huo.

Ushahidi mkubwa zaidi kwa binadamu ulichapishwa mwaka 2024 na muungano wa watafiti wa ENIGMA, uliokusanya picha za watu wazima 1,602 wenye kifafa na 1,022 wasio nacho. Ubongo mdogo wa wenye kifafa ulikuwa umepungua, hasa sehemu ya nyuma inayohusika zaidi na fikra. Upungufu ulikuwa mkubwa zaidi kwa waliougua miaka mingi, na kwa wanaotumia fenitoini.

Matokeo hayo yana uzito wa pekee kwa Tabora. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta mkoa huo ukiongoza Tanzania Bara kwa malaria: asilimia 23 hivi ya watoto wa chini ya miaka mitano waliopimwa walikuwa na vimelea, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8. Watafiti wa Kilifi, Kenya, wameonyesha kwamba watoto waliopona malaria ya ubongo hupata kifafa zaidi ya wenzao, na miongoni mwa madhara mengine ya malaria kali ni kuyumba kunakotokana na ubongo mdogo kuumia. Degedege inayotibiwa mapema kwa dawa ya malaria huenda ikawa kifafa kilichozuiwa.

Kwa aliyekwisha kupata kifafa, historia hii inaelekeza mahali pamoja. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti wa watu wazima ulikuta takriban wawili kati ya kila watatu wenye kifafa hawatumii dawa. Kila mwaka wa mishtuko isiyotibiwa unaweza kuzidi kuuumiza ubongo, ukiwamo ubongo mdogo. Vichocheo vya umeme na mwanga bado ni mambo ya maabara na ya hospitali chache za dunia. Fenobabitali, iliyogundulika kuwa inazuia kifafa mwaka reli ilipofika Tabora, inanunulika kwa fedha kidogo na inatosha kwa wagonjwa wengi ikinywewa kila siku bila kukatizwa. Mgonjwa wa Tabora aanzie zahanati ya karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete, na aanze mara tu mshtuko unapojirudia, bila kungoja miaka ipite.